Niliacha Kahawa kwa Ajili ya Taaluma

Jumatatu, 3 Machi

Dharau! Kikao cha wakufunzi asubuhi. Mkuu wa chuo katangaza somo jipya kwa matabibu na wauguzi wa mwaka wa pili: Maumivu na Uraibu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikisubiri jina langu. Nani mwingine hapa amewahi kufundisha maumivu? Mimi ndiye niliyetunga KATAA, neno ambalo kila muuguzi aliyepita chuoni hapa analikumbuka hata akisahau mapigo ya moyo yanapimwa wapi. K, Kutaja dawa kwa jina. A, Analia kuliko ugonjwa wake. T, Tabasamu akiwa nje kwenye benchi. A, Ana haraka. A, Akiulizwa anakasirika. Mgonjwa mwenye mawili kati ya hayo hana maumivu, ana uchu wa dawa. Kataa! Rahisi, linakaa kichwani, na limeokoa makabati mengi ya dawa.

Basi Mkuu kasema somo litakwenda ama kwangu, ama kwa Mama Upole. Mama Upole! (Jina nimempa mimi, moyoni.) Hana hata miaka miwili hapa. Anaongea kama anabembeleza mtoto alale, na anawaambia wanafunzi eti maumivu ni yale mgonjwa anayosema ni maumivu. Kwa hesabu hiyo nami nikisema ni mfalme, niletewe kiti. Mkuu atatutazama wiki nzima. Uamuzi Jumatatu ijayo.

Halafu mama huyo akasimama na pendekezo. Kila mwanafunzi na kila mkufunzi aache kitu kimoja alichokizoea, wiki hii yote, ili tuonje anachopitia mraibu. Yeye ataacha sukari. Makofi! Nikaona ananipiku mchana kweupe. Nikasimama haraka, nikatangaza kwamba mimi naacha sigara. Kicheko. Mwenzangu mmoja, mtu asiye na haya, akasema kwa sauti kwamba sijawahi kuvuta hata moja. Mkuu akaitazama chupa yangu ya chai iliyokuwa mezani, chupa ambayo tangu inunuliwe haijawahi kuona chai. Akauliza kuna nini humo. Nikajibu kwa heshima zote kwamba kuna kahawa. Akasema basi hiyo hiyo.

Sawa. Kahawa kitu gani? Mimi si mraibu, nina mazoea tu. Mraibu ni mtu anayetaka kuacha akashindwa. Mimi sijawahi kutaka.

Nyumbani, mama mkwe bado yumo chumba cha nyuma na nyonga yake iliyofanyiwa upasuaji. Daktari aliandika kidonge kila baada ya saa sita, akasisitiza kwamba lazima ainuke atembee, la sivyo mguu utakaza na hatainuka tena. Mimi ufunguo wa kabati la dawa nimeuvaa shingoni kwa kamba, nampa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Asije akazoea. Kila nyumba inahitaji mtu mwenye elimu. Leo kaomba zaidi. Kasema, mwanangu, naomba kile cheupe. Kile cheupe! Anakijua mpaka rangi. Nikamwambia avumilie. Mke wangu akanitupia jicho ambalo sitaliandika hapa.

Jumanne, 4 Machi

Mpaka mapumziko ya saa nne nilikuwa jabali. Halafu kichwa kikaanza, hapa nyuma ya macho. Chanzo nimekigundua mara moja: feni ya darasa la mwaka wa pili inatetemeka, inatoa mlio wa kuchimba ubongo. Nikamwita fundi. Kapanda ngazi, kashuka, kaniambia feni hiyo haijazunguka tangu wiki iliyopita, waya wake umekatika. Mafundi wa siku hizi!

Nimefundisha KATAA. Darasa zima likaitikia herufi moja moja, vizuri mno, nilitamani Mkuu apite wakati ule. Hakupita. Badala yake akanyoosha mkono Bwana Swali. Huyu ni kijana mrefu wa dawati la mbele, ambaye mkono wake huinuka kabla sentensi yangu haijamalizika. Kauliza, mgonjwa akitaja dawa kwa jina, huenda si ndiyo iliyomsaidia mara ya mwisho? Mwenye kiu akiomba maji, tumshuku kwa sababu anayajua maji kwa jina? Wenzake wakacheka. Nikamwambia kwanza asimame wima, pili ajue sikio halipiti kichwa. Kulikuwa na la tatu, nimelisahau kwa sababu ya feni.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia, na ni ya halali kabisa. Niliahidi kuacha kunywa kahawa. Kuhusu kutafuna sikusema neno.

Muuza kahawa wa pale getini kafurahi kuniona. Kasema alidhani nimefariki. Nikanunua buni zilizokaangwa, nikajibanza nyuma ya stoo ya vitanda vibovu, nikatafuna kama mbuzi. Dunia ikaanza kunyooka! Nikaingia darasani kwa mwendo wa ushindi. Safu ya mbele wote wakanitazama mdomoni. Kiongozi wa darasa, binti mwenye adabu zake, akauliza kama niko salama, maana meno yamekuwa meusi. Nikasema ni mkaa, tiba ya fizi. Wakaandika! Nusu ya darasa sasa ina maelezo ya mkaa wa fizi, na kufuta siwezi.

Halafu nikatamka K kwa nguvu, kama kawaida yangu, na kipande cha buni kikaruka kikatua kwenye dawati la Bwana Swali. Kakiokota. Kakinusa. Hakusema kitu. Ukimya wa namna ile ni utovu wa nidhamu, na kanuni za chuo zingeutaja wazi. Buni zilizobaki nimezimwaga chooni kulinda heshima.

Mchana Mama Upole kaleta mgeni darasani kwake. Mimi nilikuwa napita tu dirishani. Nilipita mara kadhaa. Mgeni mwenyewe ni mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, aliyewahi kuwa mraibu wa dawa za maumivu. Nikasema leo ataumbuka. Wapi! Yule bwana kaeleza alivyoanguka kutoka kwenye jengo akiwa kazini, akaumia mgongo, akapewa dawa kali, kisha siku moja akaambiwa imetosha, nenda. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuacha. Mwili ukamtetemeka, mifupa ikauma upya. Aliporudi kuomba msaada, mhudumu akamwita teja mbele ya foleni nzima. Kasema neno lile ndilo lililomfukuza. Hakuomba tena, akaanza kuiba.

Kuna aliyefuta machozi. Hata mimi kitu kilinibana kifuani, bila shaka ni upungufu wa kahawa. Lakini nauliza: kifupisho kiko wapi? Kipindi kizima, hakuna hata herufi moja ya kukariri! Kwenye mtihani wataandika nini, machozi?

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeamua kwamba dawa ya moto ni moto. Nikanunua keki, zile zenye sukari inayong'aa juu, nikaziweka kwenye meza ya ofisi ya wakufunzi kwa moyo mweupe, sahani ikiwa imeelekea kwenye kiti cha Mama Upole. Nikahakikisha Mkuu yupo karibu. Nikakaa, nikajifanya nasahihisha mitihani.

Akala! Nzima! Nikakohoa ili Mkuu ageuke. Akageuka. Nilijua nimemaliza kazi.

Mama huyo akacheka mwenyewe. Akamwambia Mkuu kwamba ameanguka, hata hakugundua mkono ulivyofika kwenye sahani. Kisha akaenda moja kwa moja darasani akawaeleza wanafunzi: alikuwa amechoka, keki ilikuwa karibu, akala kabla hajafikiri, akaona aibu, akataka kuficha, na kesho anaanza tena. Wanafunzi wakapiga makofi. Mkuu naye, mlangoni, akapiga makofi! Kasema hilo ndilo somo lenyewe, kwamba anayeanguka akarudi apokelewe, asifukuzwe.

Keki ni zangu! Mtu anakula mali yangu, anavunja ahadi hadharani, anashangiliwa. Mimi ninayekufa kimyakimya kwa uaminifu (ukiacha buni), hakuna hata aliyeniuliza habari. Hakika fadhila za punda ni mateke, na punda mwenyewe kafundishwa na mimi kupiga.

Jioni mtaalamu wa viungo kaja nyumbani kumfanyisha mama mkwe mazoezi. Hatua ya kwanza tu mama kapiga ukelele, kakaa. Ya pili hakuijaribu. Mtaalamu kasema mguu umeanza kukaza, siku si nyingi itakuwa vigumu kuunyoosha, na mtu hawezi kutembea akiwa na maumivu kiasi kile. Kauliza kama dawa anapewa. Nikajibu mimi, kwa niaba yake, kwamba anapewa. Si uongo. Anapewa. Baadaye wajukuu walipoingia nikamwona anatabasamu. T! Nimeliona kwa macho yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimedhalilishwa!

Niliamka kichwa kinapasuka. Mwanga wa dirishani ulikuwa adui. Ndipo nikakumbuka kwamba kuna vidonge vya kichwa vilivyochanganywa na kiini cha kahawa. Vidonge! Tiba! Nani atamlaumu mgonjwa kwa kumeza dawa? Nikaenda kwenye zahanati ya chuo, ambako wanafunzi huhudumia watu chini ya msimamizi. Kwenye benchi nikamkuta karani wa mapokezi, nikamwigizia Mama Upole anavyosema pooole, tukacheka mpaka akashika mbavu. Nikaitwa ndani. Nani kakaa kwenye kiti cha tabibu? Bwana Swali, koti jeupe limempwaya mabegani. Pembeni, kiongozi wa darasa.

Kanikaribisha vizuri, sikatai. Kauliza shida. Nikasema kichwa, nikavitaja vidonge ninavyovitaka kwa jina lake kamili na uzito wake. Wakatazamana. Kauliza kinauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi. Nikasema kumi na mbili. Binti akanong'ona, K. Kisha akanong'ona, A. Mimi nikiwa nimekaa pale pale! Bwana Swali akasema kwa masikitiko kwamba mlango ulikuwa wazi, wamenisikia nikicheka kwenye benchi. T. Nikawaambia waharakishe, nina kipindi. A. Kauliza taratibu kama kuna kitu nilichozoea kutumia nikakiacha karibuni. Nikapiga meza kwa kiganja. Hiyo herufi ya mwisho hawakuinong'ona. Waliisema kwa pamoja, kama darasani.

Zote tano! Kijana kasema, mwalimu, ulitufundisha mbili zinatosha. Kisha kanisogezea kikombe cha maji, kaniambia hapa hawamhukumu mtu, lakini dawa hapana.

Nikawauliza, kichwa ni cha nani? Anayeumwa ni nani? Wao wameyaona wapi maumivu yangu hata wayapime? Nikasema mtu akikwambia anaumwa, wewe kazi yako ni kumsikiliza! Sauti ikanikatikia njiani. Nilikaribia kulia, mimi, mbele ya mwaka wa pili.

Mlango ukafunguka. Msimamizi wa zamu. Mama Upole! Kweli msiba hauna hodi.

Kasikiliza maelezo ya wanafunzi mpaka mwisho. Kavuta kiti, kakaa karibu nami. Kauliza kitu kimoja tu: kinauma tangu lini? Nikasema tangu Jumanne. Wiki nzima hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo, na sijui kwa nini kwa swali dogo kama lile macho yalinilowa. Akawaambia vijana, mgonjwa ana maumivu, tuanzie hapo. Akaeleza kwamba mwili ukinyang'anywa ghafla kitu ulichokizoea hulalamika, na malalamiko hayo si uongo hata kama kitu chenyewe ni kahawa tu. Kisha akawaambia kwamba hata mgonjwa huyu angekuwa mraibu kweli, bado kichwa chake kingekuwa kinauma. Akanipa vidonge viwili. Akanishauri mara nyingine nipunguze kidogo kidogo.

Muda si muda kichwa kikatulia, nikasikia hata ndege nje. Raha ilioje!

Lakini fedheha! Kunitetea, mimi, mbele ya wanafunzi wangu! Na vijana wale nao. Nimewafundisha kuwatambua waongo, wanashindwa kutofautisha mwongo na mwalimu wao. Ufundishaji wa Mama Upole umeshawaharibu.

Jumamosi, 8 Machi

Habari zimefika nyumbani kabla yangu. Mke wangu kaniomba nimsimulie mwenyewe. Nikasimulia. Nilisema kwa kirefu, maana lilikuwa limenikaa kooni: jinsi walivyonitazama kama mwizi, jinsi nilivyoomba msaada nikapewa maji, jinsi ilivyo ukatili kumwacha mtu anaumwa huku dawa ipo kabatini, hatua chache tu. Kaniacha nimalize. Kanimiminia na chai. Nikasema leo nimepata msikilizaji.

Akaniuliza kama nasikia kitu kutoka chumba cha nyuma.

Nikasikiliza. Mama alikuwa anaguna, chini chini, kama mtu aliyeziba mdomo kwa mto ili asisumbue wenye nyumba. Nikasema hiyo ni A. Mke wangu akasema nyani haoni kundule, akanyoosha kiganja. Ufunguo. Nikasema ufunguo hautoki shingoni kwangu nikiwa hai.

Nilipokwenda kuoga niliutundika kwenye msumari. Niliporudi kamba ipo, ufunguo haupo. Wizi! Ndani ya nyumba yangu, na mwizi amenipikia! Mchana kutwa kakaa kando ya kitanda cha mama yake na saa mkononi, anatoa kidonge kama daktari alivyoandika, wala hakuniomba ushauri. Nikasimama mlangoni nikamwonya. Nikamwambia atamfanya mama yake teja.

Neno lilitoka kabla sijaliangalia. Mke wangu alikuja akafunga mlango, taratibu, usoni pangu. Mama alikuwa macho, nilimwona akigeuza uso ukutani. Nimekaa sebuleni sijisikii vizuri. Lazima ni chai. Sikuizoea.

Jumatatu, 10 Machi

Hujuma! Somo kapewa Mama Upole. Mkuu katangaza bila hata kunitazama. Mimi nimepangiwa kipindi kimoja ndani ya somo lake: niwaeleze wanafunzi inakuwaje kuwa mgonjwa asiyeaminiwa. Mama huyo ndiye aliyeniombea, eti katika miaka yake yote ya kazi hajasikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri kama mimi siku ile zahanatini. Nimekubali. Hawajui walichojitakia. Kipindi hicho nitafundisha KATAA, toleo jipya, lenye nyongeza muhimu kwamba herufi zote tano haziwahusu wakufunzi.

Bwana Swali kanifuata koridoni kuniomba radhi. Kasema usiku ule hakulala, akikumbuka wagonjwa wengine aliowanyima dawa kwa herufi zile, ambao hakuna aliyeingia mlangoni kuwatetea. Nikamsamehe. Nikamwambia wale wengine asijisumbue nao, hao walikuwa waongo kweli.

Kahawa nimerudia. Hiki ni kikombe cha nne, na kichwa hakiumi hata chembe. Wiki imethibitisha nilichosema tangu mwanzo, kwamba naweza kuacha wakati wowote.

Sasa la nyumbani. Nimefika nikakuta mlango wa mbele uko wazi na mama mkwe amesimama kizingitini. Amesimama! Fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwa mke wangu. Kaja kwa miguu yake kutoka chumba cha nyuma. Mtaalamu wa viungo alikuwepo, anasema mguu unanyooka, kwa mwendo huu atarudi kuwa mtu wa kwenda sokoni mwenyewe. Mke wangu alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilitegemea mama aninunie kwa lile neno la juzi. Kaniambia karibu mwanangu, pole na kazi. Mjukuu akasema utani fulani, naye akacheka, kicheko cha kweli, ambacho sikuwa nimekisikia tangu atoke hospitali.

Wote wakafurahi kama sikukuu. Nikawaacha, nikaja kukaa hapa mezani na kikombe changu, nawatazama kupitia dirishani. Mtu ambaye wiki nzima alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani! Kilio, kuguna, mwanangu naomba kile cheupe. Kapewa vidonge vyake siku mbili tu, leo anatembea, anacheka. Kumbe! Nimewauliza swali moja la kitaalamu, na katika nyumba nzima hakuna aliyeweza kunijibu: kama yale maumivu yalikuwa ya kweli, leo yamekwenda wapi?